Nati ya Gurudumu la Kulia

Kiganjo, Thika
22 Mei 1995

Mwanangu Mishi,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mtoto Firdaus na mama yako. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama yako mdogo Katunge bado analalamika goti, lakini akisikia habari ya arusi goti linapona lenyewe. Ndiyo, arusi. Binti yangu Safaa ameposwa. Kijana anaitwa Zaid, wazazi wake wana duka la vitabu pale Juja, watu wa dini na wapole. Tumepanga iwe katikati ya Septemba. Simu ya dukani wameikata tena, ndiyo maana naandika kama watu wa zamani.

Sasa neno lenyewe. Nimeitoa gari ya baba yako chini ya turubai.

Najua utashtuka. Tangu ajali nilikuwa nimeiweka nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani, watu wa vyuma chakavu wananisumbua kila mwaka nawafukuza. Mwaka huu nikasema hapana, MG ya 1958 si kitu cha kuoza. Nimefanya kazi mwenyewe kila Jumapili. Sasa inanguruma! Rangi nyekundu kama nyanya. Ipo klabu ya Wazungu na Wahindi kule Nairobi wanaofanya mashindano ya magari ya zamani mwezi wa kumi. Majaji wanapima uasili na hali, kila kitu wanakitolea alama. Nataka nishinde. Na kabla ya hapo nataka Safaa aingie Juja amekaa ndani ya gari hiyo, mimi mwenyewe nikiendesha.

Wewe ndiye mkaguzi wa magari katika ukoo huu, watu wa bima wanakulipa kwa kazi hiyo. Njoo uikague kabla ya hao majaji. Utaona kila kitu ni cha asili. Injini ni yake, magurudumu ya spoku ni yake. Hakuna fundi aliyewahi kuigusa ila mimi. Hata beringi za mbele nilizibadilisha mimi, siku moja kabla ya msiba, na mpaka leo zinazunguka kama siagi. Kilichonisumbua ni nati moja tu ya gurudumu la mbele kulia, ile ya masikio mawili, iliyopotea siku ya ajali. Mhindi mmoja wa vipuri kule Nairobi aliniuzia inayoingia kinyume, ikakataa kabisa. Nikamrudishia, akanipa ya upande mwingine, ikaingia vizuri.

Baba yako angeiona leo angecheka. Mungu amrehemu na mbio zake.

Msalimie mama yako, shemeji Ndinda.

Baba yako mdogo,
Abdulkarim


Gitothua, Ruiru
6 Juni 1995

Baba mdogo,

Waalaikum salaam. Sisi tuko salama. Firdaus ameng'oka jino la mbele na anaringa nalo, analibeba kwenye karatasi mpaka shuleni. Mama hajambo. Bado anashona sare za shule nyumbani, macho yanamsumbua lakini hataki miwani. Nimefurahi kwa ajili ya Safaa, mwambie dada yake yuko nyuma yake kwa lolote.

Jumapili nilipokuja ulitaka nikwambie matokeo papo hapo mbele ya wageni wako wa chai. Nilikataa kwa sababu nilijua ungekasirika. Nayaandika sasa.

Mazuri kwanza. Nambari ya chesisi ni yenyewe na injini ni yake, haijabadilishwa. Milango, niliijaribu kwa sumaku ikateleza, maana yake ni ile ile ya aluminiamu iliyotoka nayo kiwandani. Hapo majaji watafurahi.

Lakini boneti inanasa sumaku. Ni bati ulilogonga wewe. Bawa linalofunika gurudumu la mbele kulia limejaa puti ya kuzibia mabonde, ukiligonga kwa kidole linalia kama ukuta. Sakafu ya gari hii ilikuwa ya mbao, umeweka mabati. Rangi yake ilikuwa samawati hafifu, iko bado chini ya dashibodi ukiinama na tochi, na mimi naikumbuka bila tochi. Na milango, baba mdogo! Gari hii haina vitasa vya nje. Mtu huingiza mkono ndani akavuta kamba. Wewe umetoboa aluminiamu iliyokaa nzima miaka yote hiyo ukafunga vitasa vya Datsun. Jaji akiona hivyo hatafungua hata boneti.

Kwa hali, inaendesheka, ila sijaridhika na mbele. Ulipoizungusha uwanjani niliona kitu kwenye magurudumu ambacho sikukielewa. Nataka nirudi niinue na jeki.

Na jambo moja ambalo si la ukaguzi. Umeandika "na mbio zake". Barua zako mama huzisoma kabla yangu, unajua hivyo. Aliisoma, akaikunja, akaenda kushona. Siku hiyo hakula. Tafadhali maneno hayo usiyaandike tena.

Mishi


Kiganjo, Thika
20 Juni 1995

Mishi,

Salamu. Sote wazima. Mvua imeharibu barabara ya dukani. Mama mdogo amekwenda Machakos kwao kwa wiki moja.

Nilikuita uje na macho, umekuja na ulimi. Ati vitasa vya Datsun! Ulitaka bibi arusi aingize mkono kwa dirisha kama mwizi? Na puti hiyo unayoicheka, unajua bawa lile lilikuwaje nilipolitoa kwa mti? Hukuliona. Ulikuwa mtoto, tulikuficha. Mimi ndiye niliyelivuta kwa mnyororo na mikono hii, damu ya ndugu yangu ikiwa bado kwenye kiti. Halafu uniambie linalia kama ukuta.

Rangi nitaangalia. Mbao nitaweka, hilo nakubali, sikujua.

Kuhusu neno nililoandika juu ya marehemu, mimi sikusema uongo. Kila mtu aliyekuwepo mwaka wa sabini na nane anajua alivyoondoka Thika asubuhi ile. Sitaki kufukua. Lakini usinifundishe namna ya kumtaja ndugu yangu.

Ukitaka kuinua na jeki njoo uinue. Hutapata kitu.

Abdulkarim


Gitothua, Ruiru
9 Julai 1995

Baba mdogo,

Assalamu alaikum. Firdaus ana homa kidogo, inashuka. Mama mzima.

Jana nilikuja, ulikuwa dukani, Safaa akanifungulia. Niliinua gari mbele, nikatoa magurudumu yote mawili. Nimekaa na jambo hili tangu jana na sijamwambia mtu, hata Safaa. Soma polepole.

Magurudumu ya spoku hayafungwi kwa bolti nyingi kama ya gari lako la kubebea mizigo. Gurudumu huvishwa kwenye chuma cha katikati, habu, halafu likabanwa na nati moja kubwa yenye masikio. Waliotengeneza walijua nati moja inaweza kulegea, kwa hiyo walichonga meno ya nati yakizunguka pande mbili tofauti. Habu ya kushoto nati yake hukazwa kama nati yoyote. Ya kulia hukazwa kinyume. Sababu ni moja tu: gari ikienda mbele, kila nati inajikaza yenyewe. Ukihamisha habu ya kushoto ukaifunga kulia, inaingia, beringi zinakubali, hutaona tofauti yoyote. Ila gari ikienda, nati inajilegeza. Kidogo kidogo, mpaka inatoka.

Kwenye nati kuna mshale uliochongwa kuonyesha upande wa kulegeza. Ulipaswa kuelekea mbele ya gari. Kwa magurudumu ya nyuma umeelekea mbele, sawa. Kwa magurudumu ya mbele yote mawili umeelekea nyuma.

Habu zako za mbele zimebadilishana pande.

Ndiyo maana nati ya Mhindi ilikataa. Mhindi alikuuzia iliyo sahihi. Habu ndiyo iliyokuwa mahali si pake.

Nilitaka kuamini ni wewe uliyezibadilisha mwaka huu. Nikamuuliza Safaa kama baba yake alifungua huko, akasema hapana, ulimwambia beringi ziko sawa, uliosha tu kwa nje. Na wewe mwenyewe uliandika hivyo. Mtu wa mwisho kuzitoa habu hizo ulikuwa wewe, siku moja kabla ya msiba. Nilikuwepo. Nilikaa kwenye pipa pale gereji yako ya zamani nyuma ya soko, baba akasema mbele kunanguruma, ukasema acha nikufanyie leo leo. Ulikuwa fundi wa matrekta, gari ya namna hii hukuwahi kuifungua. Sisemi ulikusudia. Nasema ulizitoa zote mbili, ukazisafisha, ukazirudisha kinyume.

Utasema gurudumu liling'oka kwa kugonga mti. Nimetazama meno ya habu ya kulia kwa kioo cha kukuzia. Ni mazima, hayana hata mkwaruzo. Gurudumu likinyofolewa kwa nguvu linaondoka na meno. Hili lilitoka lenyewe kabla ya kona ya Ndarugu, pale penye mti, na baba akabaki na gari ya magurudumu matatu.

Hakuwa na mbio.

Sasa nakuuliza. Pale msibani, mbele ya watu wote, nani alisimama akasema baba yangu Ayub alikimbiza gari kwa sababu mke wake alimfukuza nyumbani? Mama na baba walibishana asubuhi ile juu ya kuhamia Ruiru. Mama alimwambia, "Nenda basi, na usirudi." Maneno ya hasira ya mtu na mumewe, yanasemwa kila nyumba. Wewe ulikuwa mlangoni ukayasikia, ukayapeleka msibani. Watu wakaacha kumsalimia. Amebeba neno hilo miaka yote hii. Mpaka leo akiniona natoka nyumbani ananifuata hadi langoni, hata kama ni kwenda dukani tu, aniambie, "Urudi salama." Hajawahi kukosa.

Gari usiisogeze. Usiiwashe hata uwanjani. Na Safaa asikae ndani yake.

Mishi


Kiganjo, Thika
17 Julai 1995

Mishi,

Nimesoma.

Mwaka ule polisi walileta mkaguzi wao. Alisema mwendo wa kasi. Mtu mzima, mwenye kazi yake, aliyefika pale damu haijakauka. Wewe umekuja na jeki na kioo baada ya miaka yote hii unajua zaidi?

Nililia kwa ndugu yangu kabla hujajua kulia. Nilimwosha mimi. Nilimshusha kaburini mimi. Nilikulipia shule mpaka ukapata hiyo kazi inayokupa kiburi cha kuniita mwuaji ndani ya barua.

Usikanyage hapa tena. Usimwandikie Safaa. Arusini kaa kwenu, wewe na mama yako aliyekutuma.

Gari itatembea na utaiona ikipita hapo Ruiru.

A. K.


Gitothua, Ruiru
24 Julai 1995

Baba mdogo,

Barua hii nimeituma kwa rejista ili uitie sahihi, isije ikasemwa sikukwambia.

Mama hakunituma. Mama hajui lolote. Barua yako niliiwahi posta nikaificha, na hiyo ni mara ya kwanza kumficha kitu tangu nizaliwe. Kwa hiyo nina hasira na wewe kwa hilo pia.

Shule ulilipa, na sijawahi kuacha kushukuru. Lakini usiniwekee shule mbele ya mdomo kama kizibo. Sikukuita mwuaji. Neno hilo umeliandika wewe.

Mkaguzi wa polisi alikuta gurudumu liko kwenye shamba la kahawa na gari iko kwenye mti. Nani alimwambia habari ya mbio? Alifika akawakuta watu wamekwisha kuamua.

Huniamini, sawa. Fanya hivi: kaza nati ya mbele kulia kwa nyundo kabisa, tia alama ya chaki kutoka kwa nati hadi kwenye spoku. Mwombe mtu akusaidie kuisukuma gari uwanjani, mizunguko mingi, kisha uitazame chaki. Chaki haina kiburi na haikusomeshwa na wewe. Ila usiiendeshe barabarani. Nakuomba, si kwa ajili yako. Safaa ni mdogo wangu.

Mishi


Gitothua, Ruiru
19 Agosti 1995

Baba mdogo,

Karibu mwezi umekwisha na hujajibu. Kadi ya rejista imerudi na sahihi yako, kwa hiyo barua iliingia mkononi mwako. Watu wa Thika wanaopita hapa wanasema arusi iko pale pale na gari inapigwa polishi.

Firdaus alipona. Mama ananiuliza kwa nini huandiki. Namwambia una shughuli za arusi. Ananishonea gauni la kuvaa siku hiyo na mimi namwangalia anashona, sijui nimwambie nini, kwa sababu ulitukataza kuja.

Nitasema mara ya mwisho. Ukimweka Safaa ndani ya gari hiyo nitakuja Kiganjo asubuhi ya arusi, nitakaa chini mbele ya gurudumu la kulia na nguo yangu mpya, na utanikanyaga au utawaeleza wageni kwa nini siinuki.

Mishi


Kiganjo, Thika
28 Agosti 1995

Mishi,

Jana Jumapili niliitoa gari. Peke yangu. Chaki yako sikuitia. Nilikaza nati kwa nyundo mpaka jirani akachungulia. Nilikuwa nakuja kwako. Nilitaka nifike langoni kwenu nipige honi mpaka utoke, uione imefika na kurudi, halafu tumalize maneno.

Niliteremka bonde la Ndarugu polepole sana. Malori yalinipita yakinipigia kelele. Hapo ilikuwa sawa. Nikapanda. Karibu na Juja usukani ukaanza kutetemeka, mara ya kwanza kidogo, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Nikasema ni barabara. Ukatetemeka tena. Nikaiweka kando, kwenye nyasi.

Ile nati niliyoikaza kwa nyundo niliizungusha kwa vidole viwili.

Nilikaa pale. Baadaye Waweru, mtu wa trekta wa upande wa Kalimoni, aliniona akasimama. Akauliza, "Mzee, imekufa?" Akaifunga kwa kamba akaivuta mpaka nyumbani, na njia nzima akinigeukia kuangalia kama bado niko kwenye usukani.

Safaa atakwenda kwa gari la wakwe zake. Mama mdogo anauliza kwa nini, sijamwambia.

Usinijibu barua hii.

Abdulkarim


Gitothua, Ruiru
2 Septemba 1995

Baba mdogo,

Nakujibu.

Nashukuru umefika Juja mzima. Nasema kweli. Niliposoma mahali ulipoandika vidole viwili ilibidi niweke barua chini nikatembee nje. Ungeweza kufa kwenye barabara ile ile aliyofia yeye, na mimi ningebaki na barua zangu zote nikijua sikuzuia.

Lakini nimeisoma barua hiyo mara nyingi nikitafuta jina la mama. Halimo. Umeandika habari ya nati, ya usukani, mpaka jina la mtu wa trekta umeliandika. Ndinda hukumwandika. Kwani wewe unafikiri haya yote yalikuwa juu ya gari?

Mimi sitamwambia. Sikiliza vizuri: sitamwambia. Ningeweza leo jioni, nikamaliza. Angelia, ningemshika, na wewe ungebaki Kiganjo unauza misumari yako. Neno lililomvunja lilitoka kinywani mwako, ukiwa umesimama, na yeye amekaa chini na kitambaa usoni hawezi kujitetea. La kumtoa hapo litatoka kinywani humo humo. Sitaki barua. Barua yako ataisoma kwa adabu, aikunje, aende kushona.

Njoo. Panda gari la abiria kama watu wengine uje.

Mishi


Gitothua, Ruiru
11 Septemba 1995

Baba mdogo,

Jana uliondoka mbio, hukunywa hata chai, kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea baada yako. Una haki ya kuyajua na sitaki uyasikie kwa mtu mwingine.

Nikiri kwamba sikutegemea ungekuja. Nilipokuona langoni na kofia mkononi nilifikiri kuna kifo. Ulikaa kwenye ukingo wa kiti ukaanza na habari za mvua, na nikataka kupiga kelele. Kisha ukasema, "Shemeji, gurudumu la Ayub nililifunga vibaya mimi. Hakukimbia. Wewe hukumfanya kitu." Ulisema kwa sauti ndogo lakini ulisema yote, bila kuweka "labda" ndani yake. Hilo nalihesabu.

Ulidhani mama hakuelewa, ukarudia. Akakuambia, "Nimesikia, Abdulkarim." Hapo ndipo ulipoinuka ukaondoka.

Ulipofika barabarani akaniuliza nilijua tangu lini. Nikamwambia tangu Julai. Baba mdogo, mama yangu hajawahi kunipiga, lakini jana alinitazama nikatamani angenipiga. Akasema, "Miezi miwili mlikuwa mnapelekeana barua juu ya maisha yangu." Nilikuwa na sababu nzuri nyingi na hakuna hata moja iliyotoka.

Akaingia chumbani. Nilidhani analia. Nikasikia anatembea, huku na huku, kwa nguvu, kama anafukuza kitu. Alipotoka uso ulikuwa mkavu. Akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema:

"Nilimwomba Ayub msamaha kila siku baada ya sala. Kila siku. Nikipika namwomba, nikishona namwomba. Nilikataa kuolewa tena kwa sababu nilijiona mimi ni mtu wa kufukuza watu wafe. Walikuja wanaume wawili wazuri nikawakataa. Sasa Abdulkarim anakuja na kofia, anakaa dakika chache, anasema ndani ya nyumba yangu mlango umefungwa. Yale mengine aliyasema wapi? Mwulize aliyasema wapi."

Nakuuliza kama alivyoniagiza.

Mishi


Kiganjo, Thika
18 Septemba 1995

Mwanangu Mishi,

Assalamu alaikum. Arusi ilifanyika Jumamosi. Wageni walikuja wengi, wa Thika karibu wote, na wazee wale wale waliokuwa msibani, waliobaki. Nafasi yenu ilikuwa wazi na watu waliulizana.

Baada ya nikaha, kabla ya chakula, niliomba neno. Walidhani nataka kumsifu bwana arusi. Nilisimama nikasema, nyinyi mlinisikia nikisema juu ya Ndinda mke wa Ayub, mwaka wa sabini na nane. Nilisema uongo bila kujua ni uongo, na hata kama yangekuwa kweli sikuwa na haki ya kuyasema. Ayub alikufa kwa kazi mbovu ya mikono yangu. Nikawaeleza habari ya habu. Wengi hawakuelewa. Mzee Kaleli, yule aliyekuwa dereva wa shamba la mkonge, alielewa, akaweka mikono kichwani.

Sikutaja zaidi. Nilikaa.

Hakuna aliyejua la kufanya. Kijana mmoja akaanza kupiga makofi, wakamnyamazisha. Baba yake Zaid alikula kidogo akaaga. Mama mdogo Katunge hajanisemesha tangu siku hiyo, anasema nimemwaibisha mbele ya wakwe. Safaa ndiye aliyeniumiza zaidi. Alinifuata nyuma ya nyumba na nguo yake ya arusi, wanja umemchuruzika, akaniambia, "Baba, ulikuwa na siku zote za mwaka. Hii ilikuwa yangu." Akaondoka kwenda Juja bila kunipa mkono.

Ana haki. Niliogopa kwamba nikingoja siku nyingine watu hawatakusanyika, na mimi nitapata sababu ya kunyamaza. Najijua.

Kwenye mashindano sitakwenda. Sijui nitaifanya nini gari. Siwezi kuitazama na siwezi kuitoa.

Mwambie Ndinda nimesema. Mbele ya watu.

Abdulkarim


Gitothua, Ruiru
27 Septemba 1995

Baba mdogo,

Waalaikum salaam.

Barua yako niliiweka mezani nikamwachia mama aifungue mwenyewe. Sitaficha barua tena katika nyumba hii. Aliisoma amesimama. Tayari alikuwa amesikia. Jumatatu mwanamke wa Thika ambaye hajamsalimia tangu msiba alikuja mpaka hapa kuleta kitambaa cha kushonewa, ambacho hakikuhitaji kushonwa. Mama akampokea, akampima, akamwambia bei, akamwambia arudi wiki ijayo. Alipokwenda mama alicheka mpaka akakohoa, kicheko ambacho sikupenda kukisikia.

Kuhusu Safaa, ana hasira na mimi pia. Ameniandikia kutoka Juja, kurasa tatu. Anasema sisi wawili tulifanya arusi yake kuwa mahakama. Sijui nitamjibu nini, maana ni kweli.

Na mimi bado nina hasira na wewe. Nilidhani itakwisha ukishasema, haikwisha. Nakumbuka kila Idi tuliyokuja Kiganjo ukamwita mama "shemeji" kwa sauti ile ya kumvumilia. Nakumbuka nilivyokupenda, na jinsi nilivyomwona mama yangu mwenyewe kwa macho yako. Hilo umeniibia na sijui unalirudishaje. Usinijibu upesi.

Mama ameniambia niandike yafuatayo, na amesimama nyuma yangu kuhakikisha.

Atakuja Kiganjo Jumapili hii. Haji kukusamehe, hilo hajaamua, na amesema usimharakishe. Anakuja kumwona Katunge, ambaye hakufanya kosa lolote, na kupeleka zawadi ya Safaa. Tangu msiba, kila akija nyumbani kwako huwa anaelekezwa kula jikoni pamoja na wasichana wa kazi. Hakuna aliyewahi kusema, ilikuwa hivyo tu, na yeye alikwenda.

Amesema uwaambie waandike chakula sebuleni. Atakula huko, kwenye kiti, na wewe utakaa mbele yake.

Mishi